Freni Kabla ya Jua

Nimeacha kazi mwezi uliopita. Vijana walioshika nafasi yangu waliniomba niwaandikie yale ninayoyajua kuhusu baiskeli za kituo, ukurasa mmoja tu, wa kubandika ukutani. Ukurasa huo nimewapa. Haya mengine nayaandika kwa sababu ukurasa wa ukutani unasema la kufanya tu. Hausemi ni nani aliumia mpaka tukajua.

Kituo chetu cha afya kiko Dilala, hapa Kolwezi, katika nyumba ya matofali ya zamani, juu ya mteremko. Baiskeli zetu zilikuwa sita, nyeusi, nzito, zote za freni ya kukanyaga nyuma: hazina waya wala mkono wa freni, unarudisha pedali nyuma na gurudumu la nyuma linashika. Sisi wa mkoa wa Shaba tunaziita kinga. Wauguzi walizipanda kwenda vijijini, sanduku la chanjo limefungwa nyuma pamoja na barafu yake, na walirudi jioni wakiwa wekundu kwa vumbi kama matofali yenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuzipokea zinaporudi. Cheo changu kilibadilika mara kadhaa kwenye karatasi. Kitambaa changu hakikubadilika.

Niliingia katika miaka ya kwanza ya Zaïre, tulipokuwa bado tunajikwaa ulimi, tunaanza kusema monsieur na kumalizia citoyen, raia, kama serikali ilivyoagiza. Nilikuwa na madarasa manne ya shule ya msingi na mikono miwili. Aliyenipokea ni Tata Kyungu, tata ni baba kwa lugha ya kwetu, fundi mzee aliyekosa ncha ya kidole gumba cha kulia; mnyororo uliila, na alikuwa akiwaonyesha wageni kidole hicho kabla ya kuwaonyesha karakana. Siku ya kwanza alinipa baiskeli moja iliyotoka safari ya upande wa Fungurume, imejaa vumbi, akasema niisafishe. Nilichota ndoo mbili za maji nikaimwagia kuanzia juu mpaka chini, nikaisugua mpaka ikang'aa. Aliniangalia muda wote. Nilipomaliza, nikasimama kando nikingoja sifa.

"Zungusha pedali," akasema.

Nikazungusha. Kulitoka sauti ya mchanga, kama mahindi yanayosagwa.

"Unasikia? Unasaga muhindi. Sasa fungula yote."

Kufungua yote kulinichukua siku tatu. Niliona kwa macho yangu jinsi maji yalivyochukua lile vumbi laini na kuliingiza ndani, kwenye kitovu cha gurudumu, kwenye ekseli ya pedali, kati ya gololi, na kuligeuza uji wa kukwangua chuma. Tangu hapo sijamwagia baiskeli maji kabla ya kuipangusa kavu. Kwanza brashi laini, vumbi likiwa bado vumbi. Kisha kitambaa. Maji yanakuja baadaye, kidogo, na hayakaribii kitovu.

Tata Kyungu alikuwa na desturi moja ambayo kituo kizima kiliijua na nusu ya kituo kiliichukia. Baiskeli haikukaguliwa asubuhi kabla ya safari. Ilikaguliwa jioni, mara tu inaporudi, ikiwa bado na jasho la njia, na mpandaji mwenyewe akiwa amesimama pale. "Asubuhi ni ya muguu," alikuwa akisema, "mangaribi ni ya mukono." Maana yake ilikuwa wazi. Asubuhi mtu ana haraka na hataki kuona ubaya. Jioni ubaya ungali mpya, na mpandaji bado anakumbuka ni kwenye jiwe gani aliusikia.

Kwa hiyo tuliitundika baiskeli kwenye ndoano mbili za boriti. Tulipangusa. Mnyororo ulipita ndani ya kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha kavu, kisha tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, kwa upande wa ndani, si nje ambako linakusanya vumbi tu. Nilizungusha gurudumu la mbele na kuweka sikio kwenye kiti, kwa kuwa kiti kinaleta sauti ya gololi vizuri kuliko hewa. Spoki niligonga moja moja kwa ufunguo mdogo. Iliyolegea inajibu kwa sauti nene. Nilipitisha mkono kwenye tairi kutafuta miiba na vile vipande vya mawe ya shaba ambavyo vinakata taratibu, leo kidogo, kesho kidogo, na kulitoboa siku ya mvua. Kisha njumu za pedali, zile pini zinazozishika, kisha nati, kisha upepo. Mwisho kabisa, freni. Niliyokuta niliyaandika kwenye daftari, nami nikaweka sahihi, na mpandaji akaweka yake. Kabla ya sahihi hakuna aliyekwenda nyumbani.

Wapandaji walinung'unika, hasa wakiwa na njaa. Mmoja wao alizoea kuwaambia wagonjwa waliokaa barazani kwamba wavumilie tu, huku kinga njo inaonwa na daktari mbele ya mutu, yaani kinga kwanza, mtu baadaye. Wagonjwa walicheka. Mimi niliendelea kugonga spoki.

Tata Kyungu alipochoka alirudi kwao upande wa Kapanga, akaniachia funguo, daftari na desturi yake. Nilijifunza yaliyobaki peke yangu. Nilikuwa na kamusi ya Kifaransa isiyo na herufi ya kwanza wala ya mwisho, na kitabu cha zamani cha ufundi alichokiacha padri mmoja, na kwa vitabu hivyo viwili nilijua jina la kila kipande kilichopita mikononi mwangu. Niliufungua moyo wa freni nikauchora mara nyingi mpaka ningeweza kuukusanya nimefumba macho. Nasema hivi si kwa majivuno. Au tuseme, kwa majivuno kidogo.

Mwaka ule watu wenye bunduki walipopita Kolwezi, walichukua baiskeli nne zilizokuwa nzima. Mbili waliziacha kwa sababu nilikuwa nimezifungua vipande mezani. Tangu siku ile malalamiko juu ya kufungua fungua yalipungua. Baadaye tukapewa nyingine nne, tukawa sita tena.

Sasa nafika kwenye kosa.

Kuna mwaka ambao grisi ilipotea kabisa. Nilikwenda kwa Tata Ramazani, mfanyabiashara aliyetoka Maniema, aliyeuza vipuri vya baiskeli upande mmoja wa duka na vyakula upande wa pili. Alikuwa mtu wa sala na wa mzaha, vyote kwa kipimo kimoja. Aliniambia grisi hakuna, hata ile mbaya hakuna, na kwamba kama ni mafuta ninayotaka, aliyo nayo ni ya ngazi, yaani mawese, mekundu, mapya, ya kupikia. Alisema kwa kunitania. Mimi nilisimama pale nikifikiri, kwa kuwa kitabu cha padri kilisema kwamba zamani huko Ulaya ekseli za garimoshi zilipakwa mafuta ya ngazi. Yaliyobeba garimoshi yatashindwa na kinga?

Nikanunua chupa. Ilikuwa mwezi wa kumi, joto kali kabla ya mvua. Nilifungua vitovu vyote sita vya nyuma, nikavisafisha, nikavijaza. Magurudumu yalizunguka kimya. Freni zilishika laini. Kwenye daftari niliandika: "Mafuta ya ngazi, mazuri kuliko grisi." Sentensi hiyo bado imo, na kila kijana anayeingia kazini huonyeshwa.

Mvua ikapita, baridi ikaja. Anayeijua Kolwezi anaijua asubuhi ya mwezi wa sita: majani yana weupe, na mlinzi wa lango haachi mbabula yake, jiko la makaa, hata ukimwita. Wapandaji wetu wengi waliondoka jua likiwa limekwisha kupanda. Ni mmoja tu aliyeondoka gizagiza, Tata Kalenga, muuguzi aliyekuwa na njia ndefu kuliko wote. Mtu mrefu, mpole, mwimbaji wa kanisa la Kiprotestanti, aliyeifunga barafu yake kwa magunia na kutaka iwe imefika kijijini kabla ya joto.

Asubuhi ya kwanza ya baridi kali, Kalenga alitoka langoni na baiskeli namba nne, akashuka mteremko. Chini kuna daraja jembamba la mbao. Juu ya daraja alikuwapo mama mmoja na beseni la mihogo kichwani. Kalenga alikanyaga nyuma, akaona kwamba baiskeli haisimami. Akageuza usukani akaingia mtaroni. Mama yule hakuguswa hata na tope. Kalenga alivunjika mfupa wa bega la kushoto, sanduku likapasuka, na chanjo za kijiji kizima zikamwagika kwenye nyasi pamoja na barafu.

Baiskeli waliniletea jua likiwa juu. Niliitundika, nikarudisha pedali nyuma. Ikashika. Nikajaribu mara ishirini. Ikashika mara ishirini. Nikamwambia shefu, mkuu wa kituo, hivyo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Shefu wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi ilikuwa yangu. Alifungua daftari kwenye jioni ya kuamkia ajali: namba nne, freni sawa, sahihi mbili. Basi, akasema, kama kinga ni nzima jioni na nzima mchana, mgonjwa ni mpandaji. Mmoja wa wapandaji akanong'ona neno lutuku, ile pombe ya kienyeji, na neno hilo likafika kanisani kwa Kalenga kabla hajafungwa bandeji. Shefu akaamua: bega likipona, Kalenga hatapanda tena baiskeli ya kituo. Angewekwa kwenye chumba cha kufulia mashuka. Mtu aliyeijua njia yake kijiji kwa kijiji, ambaye watoto wa huko walimwita kwa jina.

Nilikwenda kumwona kwake. Alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa kifuani. Hakulalamika. Alisema polepole, kama mtu anayesoma dawa kwa mgonjwa:

"Tata Mwamba, mi nilikanyaka nyuma. Pedali ilikuja. Kinga ikaenda. Na pale kwa mulango, kuanza, nilikanyaka mbele mara mbili bure, njo ikashika."

Nikamuuliza kwa nini hakurudi. Akasema alidhani ni baridi ya miguu yake.

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari kwa sababu naandika kila kitu, lakini sikuyaelewa. Nakiri pia kwamba kwa siku mbili niliamini daftari kuliko mtu. Daftari lilikuwa na mwandiko wangu.

Asubuhi ya tatu nilikuwa nyumbani nikivaa viatu. Mke wangu, Mwadi, alikuwa anawasha moto apashe sombe, yaani kisamvu, iliyobaki. Alichukua chupa ya mafuta ya ngazi, akaipindua juu ya sufuria. Hakuna kilichotoka. Akaiweka kando ya mbabula, kama afanyavyo kila mwaka katika miezi hiyo, na kama mama yake alivyofanya. Nilikuwa nimeiona chupa hiyo kando ya mbabula maisha yangu yote.

Nikabaki na kiatu kimoja mkononi. Mwadi akaniuliza naangalia nini.

"Mafuta," nikasema.

"Imelala, Tata. Acha kwanza ipate moto."

Sikuvaa kiatu cha pili vizuri. Nilifika kituoni kabla ya jua, mlinzi akanifungulia akidhani kuna msiba. Namba nne ilikuwa kwenye ndoano zake, chuma kinauma vidole. Nikazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, nikarudisha pedali. Pedali ikaja nyuma nyepesi, tupu. Gurudumu likaendelea kuzunguka kana kwamba sikuigusa. Ndani ya kitovu kuna kipande kinachopaswa kusafiri kwenye meno yake ili kibane. Mafuta yalikuwa yameganda kama nta, na kile kipande kilikuwa kinateleza papo hapo, hakiendi mbele wala nyuma. Nikangoja. Jua likaingia mlangoni, likapanda kwenye kitovu. Baada ya muda freni ikashika.

Desturi ya Tata Kyungu haikuwa na uongo. Jioni baiskeli inarudi imepata joto la siku nzima na la njia, na mafuta yake ni maji. Niliikagua kweli, na kweli ilikuwa nzima. Ila nilikagua kitu kimoja jioni, Kalenga akapanda kitu kingine asubuhi.

Nilikuwa peke yangu na mlinzi, naye alikuwa amerudi kwenye mbabula yake. Mafuta ya taa yalikuwa pale. Kwa nusu siku ningeweza kuosha vitovu sita, na hakuna mtu duniani angejua. Daftari lingebaki safi, Kalenga angefua mashuka. Nayaandika haya kwa vijana ili wajue kwamba wazo hilo linakuja, na linakuja likiwa na sauti ya kawaida kabisa. Sikugusa mafuta ya taa. Nilimwendea shefu nikamwomba aje kesho yake kabla ya jua, na wapandaji wote waje.

Walikuja wamejifunika mablanketi, wakinitania kwamba leo kinga inabatizwa. Kalenga alikuja pia, koti limening'inia upande mmoja. Shefu alikuwa amevaa koti zito juu ya abacost yake, ile suti isiyo na tai, na uso wa mtu aliyeamshwa. Nikazungusha gurudumu la namba nne, nikamwomba arudishe pedali yeye mwenyewe. Akarudisha. Gurudumu likaendelea. Akarudisha tena, kwa nguvu zaidi. Kisha akaangalia mkono wake.

Niliwaambia wapandaji kila mmoja ajaribu yake. Yule wa maneno ya lutuku alijaribu namba mbili, ambayo ilikuwa yake. Nilimwona anarudisha pedali mara tatu na mzaha ukimtoka usoni. Baiskeli zote sita hazikuwa na freni. Waliobaki wazima walikuwa wazima kwa kuwa walipenda kulala.

Nikaomba mbabula ya mlinzi, nikaisogeza chini ya kitovu cha namba nne, mbali kidogo. Tukasimama. Tukangoja joto lipande. Nikampa shefu ishara. Akarudisha pedali, na gurudumu likasimama kwa mshtuko mmoja, tak.

"Ndani muko nini?" akauliza.

"Mafuta ya ngazi, citoyen."

"Nani aliweka?"

"Ni mimi."

Akaniambia niandike. Nikafungua daftari palepale, kwenye ukurasa wa ajali. Chini ya "freni sawa" niliandika kwamba kosa ni la mtunza baiskeli, si la mpandaji. Kwamba mafuta yameganda kwa baridi. Kwamba muuguzi Kalenga alikanyaga inavyopaswa, na kwa kugeuza usukani aliokoa mtu. Nikaweka sahihi. Nikamsogezea Kalenga ili aweke yake, kama desturi. Alisoma mpaka mwisho, kalamu mkononi, asiandike.

"Inapunguka kitu," akasema, akigonga daftari kwa kalamu. "Kwa kaye yako muko siku, muko namba, muko freni. Weka na jua. Kama ilikuwa imetoka ao bado."

Nikachora mstari wa safu mpya pembeni, nikaandika juu yake: Jua. Ndipo akaweka sahihi.

Siku ile niliosha vitovu vyote. Hakuna aliyepanda mpaka tulipopata grisi, na ilipatikana kwa Tata Ramazani, ambaye aliitafuta mpaka Likasi baada ya kusikia habari. Aliponikabidhi kopo alisema kwa sauti, mbele ya wateja wake, kwamba yeye aliniuzia mafuta ya sombe, na kama nimeipikia kinga si kosa la duka. Kijiji kile kilipata chanjo siku nne baada ya ajali. Mwenzake Kalenga alikwenda nazo kwa gari la watu wa mihogo. Kalenga mwenyewe alirudi njiani bega lilipopona, akapewa namba nne kwa kuomba. Nilimuuliza kwa nini hiyo. Akasema zile nyingine hajui tabia zao.

Tangu hapo baiskeli zilikaguliwa mara mbili. Jioni yote, kama alivyotaka Tata Kyungu. Na kabla ya jua, kitu kimoja tu, freni, kwa mkono si kwa mguu. Nilimtumia Tata Kyungu barua kwa lori la Musumba, upande wa kwao, nikimweleza. Jibu lilikuja baada ya miezi, limeandikwa na mjukuu wake: yeye alifanya kazi miaka yote hiyo akiwa na grisi, hivyo hakuwa na nafasi ya kukosea vizuri namna yangu. Nimeitunza barua hiyo.

Sikuangusha mtu mwingine. Hilo ndilo ninalojivunia, na ninaweza kulithibitisha kwa madaftari kumi na saba, safu kwa safu.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa sita, baridi ileile. Namba nne ilikuwa imefutwa kwenye orodha ya kituo kwa uzee, wakanipa niende nayo nyumbani. Nilifika mapema niichukue kabla ya maneno ya kuagana, ambayo siyapendi. Kalenga alikuwa ametangulia. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Alikuwa ameitundika baiskeli kwenye ndoano, anazungusha gurudumu kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto, ule wa bega, anarudisha pedali. Alirudisha mara tatu. Kisha akaenda kwenye daftari akaandika bila haraka: Namba nne. Jua: bado. Freni: inashika. Akaweka sahihi yake.

Nikashika usukani niondoke. Akaweka mkono juu ya kiti.

"Sahihi, Tata Mwamba. Huku hatutokake bila sahihi."

Nikaweka.